Mvinyo Mbichi Mezani kwa Wakwe

Sajini mmoja mstaafu wa polisi na mkewe walisafiri kutoka Jinja hadi Ponte de Lima, mji mdogo wa kaskazini mwa Ureno, kuwaamkia wakwe wa binti yao aliyeolewa huko. Ugeni wa ukweni ni mtihani popote pale, lakini kwao ulikuwa mzito zaidi. Mume huyo hakuwa amegusa kileo kwa miaka 11. Kabla ya hapo waragi ilikula mshahara wake, ikala karo za watoto, nusura ile na kazi yake. Aliyemwapisha mbele ya wazee kwamba hatakunywa tena ni mkewe, ambaye mwenyewe hakuwa ameonja pombe ya aina yoyote tangu kuzaliwa kwake.

Meza iliandaliwa vizuri. Ililetwa supu ya viazi na majani yaliyokatwa membamba kama nyuzi, mama akayatambua mara moja kuwa ni ndugu wa sukuma wiki. Ukaja mkate wa mahindi, kisha samaki wa kuchomwa. Wageni hawakujua Kireno, walakini maneno mawili waliyashika bila mkalimani. Mezani palisemwa “mesa”, na chupa ilipotolewa kwenye jokofu pakasemwa “vinho”. Si ajabu, kwani meza na mvinyo ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka kwa Wareno hao hao karne nyingi zilizopita. (Na gereza letu, wasomaji polisi wapende wasipende, asili yake ni “igreja”, yaani kanisa.)

Mvinyo wenyewe huitwa “vinho verde”, na mtu akiangalia kamusi atafasiri kuwa ni mvinyo wa kijani. Rangi yake si ya kijani. Huo wa mezani ulikuwa mweupe unaokaribia maji. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni mbichi, kwa maana mvinyo huu kwa kawaida hunywewa ungali mchanga. Eneo lake liliwekewa mipaka kwa sheria mwaka 1908. Ni nchi ya mvua nyingi zitokazo bahari ya Atlantiki, na ya mawe magumu. Wakulima wa zamani waliipandisha mizabibu juu ya miti na vichanja virefu, ili chini ibaki nafasi ya mahindi na maharagwe. Mkulima mwenye shamba dogo ataielewa hekima hiyo bila kufundishwa.

Mwenyeji alipoinua chupa, sajini alifunika bilauri yake kwa kiganja na kushukuru. Akamiminiwa maji, wala hakuulizwa sababu. Ndipo mkewe akamwinamia.

“Baba watoto, ukiniruhusu nitauonja.”

“Mimi ndiye niliyekula kiapo,” akajibu mume. “Wewe hukula.”

Wapo watakaosema mama alikosa adabu, kunywa mbele ya mtu aliyemkataza. Lakini mke aliyeishi miaka mingi na adui asiyemjua uso ana haki ya kumtazama mara moja.

Alitarajia moto, kwa kuwa harufu ya waragi aliijua kutokana na nguo alizofua. Badala yake ilikuja baridi, kisha vipovu vidogo vilivyomchoma ulimi na kutoweka kama soda inayoelekea kuisha nguvu, kisha uchachu wa ndimu na harufu ya maua. Vipovu hivyo zamani vilitokana na mvinyo kuendelea kuchacha ndani ya chupa. Siku hizi mara nyingi hutiwa gesi ile ile ya soda wakati wa kujaza. Mama alipiga funda la pili, na hapo uso ukambadilika.

“Kumbe ni kitamu hivi? Hiki ndicho kilichokuwa kikikuchukua?”

“La, mama watoto. Kile hakikuwa kitamu hata siku moja.”

Bilauri ilibaki nusu. Wepesi wa mvinyo huu, kwa kweli, hudanganya. Bilauri ya mililita 150 yenye kileo cha asilimia 10 ina mililita 15 za kileo halisi. Kikombe kidogo cha mililita 40 cha waragi ya asilimia 40 kina 16. Chupa nzima ya mililita 750 ni sawa na bia tatu za nusu lita zenye asilimia 5, na kwa kuwa ni ya baridi hushuka upesi kuliko bia hizo.

Kesho yake waliongozwa hadi kando ya mto Lima, penye sanamu za askari wa Kirumi ng’ambo moja na kamanda wao ng’ambo ya pili. Husimuliwa kwamba askari hao waliuogopa mto, wakiamini kuwa avukaye husahau kila kitu. Kamanda akavuka peke yake, akageuka, akawaita mmoja mmoja kwa majina yao. Sajini alimwomba binti arudie kisa hicho. Usiku alimtajia mkewe majina ya wenzake wa kambini waliomalizwa na waragi. Yalikuwa saba, na mkewe alikuwa akiyajua matano tu.