Pesa ya Kuonekana na Pesa ya Kufika

Ndugu zangu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, huko Kindu,

Leo nawaandikia nikiwa na hasira, ila ni hasira ya mtu anayewapenda. Swali mnalotuuliza sisi tulioko huku Marekani ni lilelile, linabadili nguo tu: kuna kampuni ya Kanada inatafuta wafanyakazi, kuna shirika linagawa ufadhili wa masomo, kuna mzungu amekwisha kutuma sheki na picha yake hii hapa, je, ni kweli? Na mara nyingi swali linafika baada ya falanga kwisha kuondoka.

Linaniuma kwa sababu sijui watu wanaoichunguza noti kuliko nyinyi. Mama anayeuza mchele sokoni akipewa dola 20 anaigeuza kwenye jua, anapapasa kola ya yule mzee wa kwenye picha, na akiona mpasuko wa ukubwa wa punje anairudisha. Kambisti, yule mbadilisha pesa, naye anazikataa noti za zamani hata zikiwa safi. Huku noti hiyohiyo ingepokelewa bila neno, maana serikali ya Marekani inasema kila noti iliyotolewa tangu 1861 bado ina thamani yake kamili, na iliyoharibika hubadilishwa ikiwa zaidi ya nusu yake imebaki. Ukali wenu una historia. Waliokuwa watu wazima Januari 1993 wanaikumbuka noti ya zaire milioni 5: Rais Mobutu aliitoa, wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani kupora. Mtu aliyepita hapo alijifunza kwamba pesa ni ile ambayo mwenzako ataipokea kesho. Sasa nielezeni, kwa nini mama huyohuyo akionyeshwa picha ya sheki kwenye simu jicho lake linalala?

Nadhani sababu ni kwamba sheki inatoka Ulaya au Marekani, na huko kwetu kilichotoka mbali kinaheshimiwa kabla ya kuchunguzwa. Basi jueni sheki, yaani hundi, ni kitu gani huku. Ni karatasi ya kizamani ambayo wenyewe wanahangaika kuiacha. Waingereza waliamua mwaka 2009 kwamba ifikapo 2018 watakuwa wameifuta. Mwaka 2011 wakarudi nyuma, kwa sababu wazee na vyama vidogo vya hisani walilalamika. Afrika Kusini iliifuta mwisho wa 2020. Hapa Marekani ilibidi rais atoe amri Machi 2025 kwamba serikali iache kulipa watu kwa hundi za karatasi kufikia tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Nyinyi mmekuwa mkitumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na kabini ya kutolea pesa iko karibu na nyumba, lakini huku Marekani wako watu wanaolipa kodi ya nyumba kwa kuandika karatasi na kuitia kwenye bahasha. Katika kutuma pesa mmewaacha nyuma. Jivunieni hilo.

Ubaya wa hundi uko ndani ya mwendo wake. Sheria ya Marekani ya 1987 inailazimisha benki kumwachia mteja pesa ya hundi haraka, mara nyingi sehemu yake siku ya kazi inayofuata. Lakini benki iliyoandikwa kwenye hundi inaweza kuirudisha baadaye, pengine baada ya wiki, ikisema ni ya bandia. Kwa hiyo kuna siku kadhaa ambapo pesa inaonekana kwenye akaunti na bado haijafika. Tapeli anaishi katika siku hizo. Anakutumia hundi ya dola 2,000, anasema amekosea, mshahara wako ni 1,500 tu, hizo 500 zirudishe kwa njia ya haraka. Unazirudisha kwa pesa yako halisi. Hundi ikirudi bila malipo, benki inakudai wewe, na yeye namba yake haipatikani.

Mtaniambia: sisi wengi hatuna benki, hundi yatuhusu nini? Inawahusu, kwa sababu mchezo huo umeshavaa nguo za simu. Ujumbe unaingia, umeandikwa kama wa M-Pesa au Airtel Money, na dakika hiyohiyo mtu anapiga akilia: yaya, nimekosea namba, nirudishie, ni pesa ya hospitali. Ujumbe umeonekana, pesa haijafika. Anayefungua salio lake mwenyewe kabla ya kujibu anauona uongo papo hapo. Wala si mchezo wa intaneti peke yake. Kampuni iliyoitwa Bindo ilikusanya pesa za watu wa Kinshasa hadi ilipoanguka mwaka 1991, tena bila intaneti: wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, na faida ya jirani ilionekana kwa macho.

Wako watakaosema nawafungia watoto mlango, kwamba kila anayedai ada namwita mwizi. Hapana, ofa za kweli zipo na nyingine zina ada. Vyuo vingi vya Marekani hudai ada ya maombi, na ombi la viza ya mwanafunzi ni dola 185 tangu 2023. Ndiyo maana kuuliza kama wanadai pesa hakutoshi. Uliza pesa inakwenda kwa nani, kwa njia gani, na ikigundulika ni kosa inaweza kurudi au la. Ada ya viza hailipwi kwenye namba ya simu ya bwana fulani. Umoja wa Mataifa hautozi mwombaji kazi chochote katika hatua yoyote, na HCR, shirika lake la wakimbizi, haliuzi nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Anayeiuza, hata akivaa fulana yao, ni mwizi. Wala msiamini jina la njia. Western Union ni kampuni ya kweli, na mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 586 kwa kuwaacha matapeli waitumie kuibia watu.

Basi ofa ikija, fanyeni kama mnavyofanya na noti: igeuzeni kwenye jua. Tafuteni wenyewe anwani ya kampuni au chuo, msifuate ile mliyotumiwa, kisha waandikieni kuuliza kama kazi hiyo ipo. Anayetaka mnunue kadi za zawadi za dukani, mzikwangue na kumsomea namba zake, mkatieni simu. Hakuna ofisi halali inayolipwa hivyo. Msimrudishie mtu “pesa iliyozidi” kabla ya kuona salio. Mkianguka, semeni siku hiyohiyo kwenye kabini na kwa kampuni ya simu, msikae kimya kwa aibu, maana ukimya wenu ndio unaompeleka tapeli kwa jirani.

Na sisi tulioko huku tuna kosa letu. Tunawatumia picha za magari tuliyokopa, hatusemi ni ya mkopo, ninyi mkaamini pesa huku inaokotwa. Deni letu ni kujibu mnapouliza. Kindu ikiamka asubuhi, huku bado ni usiku mzito. Kwa hiyo mtu akikuambia ofa inafungwa saa nne asubuhi hii, mwambie ndugu yako wa Marekani amelala, asubiri mpaka jioni.