Ua la Februari mlangoni

Februari mjini Leeds, Uingereza, giza huingia mapema na miti mingi imebaki vijiti vitupu. Ndiyo maana mama mmoja Mtanzania, muuguzi, alisimama na funguo mkononi siku aliponusa harufu ile kwenye mlango wa nyuma wa nyumba waliyohamia. Alidhani jirani anafukiza udi. Kumbe ni kichaka cha dafne kilichofika magotini, kimeachwa na waliohama: majani yenye ukingo wa manjano, vishada vya maua meupe yenye wekundu kwa nje.

"Kama asumini ya nyumbani Tanga," alimwambia mumewe.

Akakitunza. Dafne haitaki mizizi yake ituame majini, wala haitaki ukame, kwa hiyo alitandaza mboji juu ya udongo. Mkasi aliuweka mbali, maana haipendi kukatwakatwa.

Kisha binti yao akaanza kutembea. Jioni moja alikutwa na jani mdomoni.

Muuguzi mzima, mikono ikamtetemeka. Alilitoa jani, akamsafisha mtoto mdomo kwa maji, hakumtapisha, akapiga 111 huku ameshika tawi ili autaje mmea bila kukosea. Bahati, jani halikuwa limetafunwa. Usiku huo mama hakulala. Dafne ni sumu mmea wote. Ukitafunwa huunguza mdomo na koo, na utomvu wake huwasha ngozi. Watu wengi huwa nayo mlangoni bila kujua hilo.

Mume akataka ing'olewe, au ihamishiwe mbali. Lakini dafne iliyokomaa ikihamishwa, mara nyingi hufa. Wakabishana siku tatu, mpaka bibi alipopiga simu kutoka Tanga.

"Nyie si mlikulia uani penye mnyonyo, na mbegu zake ni sumu? Niliwakataza, mwanangu. Na bado nilikuwa nawachungulia."

Wakazungusha wavu wa kufika kifuani mwa mtu mzima na kuweka komeo juu ya mlango. Mume hajaridhika, kila Jumamosi anautikisa wavu kuona kama umelegea, na mkewe hamkatazi.

Mwaka huu maua yamechanua tena. Mtoto, sasa ana miaka mitatu, husimama nje ya wavu, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akafumba macho na kunusa.