Kisu Mara ya Pili au Nisukume? Mimi Mwenzenu Niliamua Hivi

Wadau, juzi staa mmoja (jina namwachia mwenyewe) kaposti kwamba kajifungua kawaida baada ya mtoto wa kwanza kutolewa kwa kisu. Watu wakamjazia makofi mpaka nikazima simu. Sio wivu jamani. Hiyo njia nimeipita, ila yangu haikuishia kwenye makofi.

Wa kwanza nilimzalia Kibondo kwa operesheni, alitanguliza matako. Miaka mitatu baadaye tumeshahamia Kasulu, nina mimba ya pili. Mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu, safari hii uzae mwenyewe." Shoga zangu nao: "Nenda kisu, usijitese." Kila mtu anaujua mwili wangu kasoro mimi.

Daktari hakuniuliza kama nina nguvu. Aliuliza kizazi kilichanwaje. Nikamwonyesha kovu langu, limelala chini vizuri kabisa. Akacheka. Kumbe kovu la ngozi halisemi lolote kuhusu la ndani! Kama kizazi kilichanwa kwa urefu kule juu, habari ya kusukuma sahau. Kama ni kwa mlalo, chini, unaweza kujaribu. Na kadi yangu iliandikwa neno moja tu: operesheni. Mume wangu akapanda gari kwenda kutafuta faili, akashinda huko siku nzima. Karudi na karatasi: mlalo, chini. Nililia kwa ajili ya karatasi, mimi!

Hesabu nilizopewa ni hizi: kati ya wanawake 100 wanaojaribu, 60 mpaka 80 wanafanikiwa. Kizazi kupasuka ni kama 1 kati ya 200, ila ikitokea mnahesabu dakika. Kisu nacho kina deni lake, maana kila kovu jipya linaongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania pale mimba ijayo. Na huku Buha nani anaishia wawili?

Kwa hiyo ujaribu pale tu ambapo chumba cha upasuaji kinafanya kazi hata usiku na damu ipo. Mkoa wetu ulipata bahati, kuanzia 2006 mradi wa Bloomberg, baadaye na Thamini Uhai, ulisaidia vituo vya afya vya vijijini kufanya upasuaji. Lakini mama mkwe alitaka nikazalie kwake, penye zahanati tu. Hapo nikasema samahani mama, hapana.

Uchungu ukaanza usiku. Njia ikafunguka sentimita 6, ikagoma masaa manne. Halafu kovu likaanza kuuma hata uchungu ukiachia, na nesi aliyekuwa anasikiliza mapigo ya mtoto akabadilika sura. Nikasema mwenyewe: nipelekeni.

Binti, kilo 3.4. Daktari aliniambia kovu lilikuwa jembamba kama nailoni.

Mama mkwe alikuja na kuku, akambeba mjukuu, kimya. Baadaye akaninong'oneza: "Lakini uchungu uliusikia?" Nikamwambia niliusikia wote, mama. Akatabasamu kama nimefaulu mtihani.

Sasa baba watoto anataka wa tatu, na daktari kashasema huyo ni kisu moja kwa moja. Mama mkwe bado hajui. Aliyewahi kumwambia mkwe wake kitu kama hicho anifundishe hapo chini, tafadhali.