Folda Yenye Jina Langu

Flashi ya mpwa wangu haikuwa na virusi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolikalia miezi minane, na kwa sababu kila aliyekuwepo nyumbani kwetu Morogoro jioni ile alinisikia nikisema kinyume chake.

Kompyuta ya nyumbani niliinunua mimi. Siku ya kwanza ilipouliza jina la mtumiaji nikaweka langu, wala sikufikiri mara mbili. Lakini aliyekuja kuitumia hasa ni mke wangu. Ni mwalimu wa sekondari, na wakati huo alikuwa akisomea shahada ya uzamili: mchana anafundisha, usiku anaandika. Utafiti wake ulihusu akina mama wanaoshusha mboga kutoka Mgeta, kule juu kwenye milima ya Uluguru, kuja kuziuza mjini. Usiku mmoja aliwasha kompyuta akiwa amechoka, jina langu likajitokeza katikati ya kioo kama kawaida, akasema taratibu, "Hata hapa mimi ni mgeni." Kisha akaendelea na kazi yake. Mimi usingizi haukunijia.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya kikazi ya siku tatu Dodoma. Nikataka nikiondoka nimwachie kompyuta inayomwita kwa jina lake.

Kubadili jina lenyewe ni kazi ya dakika mbili. Yetu ilikuwa na Windows 10. Unafungua paneli ya kudhibiti, unaingia kwenye akaunti za watumiaji, unachagua kubadili jina la akaunti, unaandika jipya, basi. Laiti ningeishia hapo. Nilipofungua diski nikakuta folda iliyomo ndani ya C:\Users bado inaitwa kwa jina langu, na humo ndimo yalimokuwa madodoso yake, rasimu zake na picha za watoto. Nikaona nimempa nyumba huku hati nikiwa nimebaki nayo.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kompyuta haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa namba ndefu, yenye mwanzo wa S-1-5-21, ambayo akaunti hupewa siku inapoundwa na ambayo haibadiliki hata ukijiita nani. Katika rejista ya mfumo, kwenye sehemu iitwayo ProfileList, kila namba imeandikiwa mahali folda yake ilipo. Jina tunaloliona kwenye kioo ni kibao cha mlangoni tu. Mimi niliingia kwa akaunti nyingine, ile ya msimamizi, nikaibofya folda, nikafuta jina langu, nikaandika la mke wangu. Folda ilikubali papo hapo. Rejista haikuguswa, ikabaki na njia ya zamani, inayoelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

Asubuhi tukaiwasha pamoja. Jina lake likatokea, akatabasamu. Akaingiza paswedi. Kompyuta ilipoikosa folda ikamfungulia akaunti ya muda, tupu kabisa, na ikatoa ujumbe: imeshindwa kuingia kwenye akaunti yako, toka uingie upya, la sivyo chochote utakachokiandika humu kitapotea.

Niliusoma ujumbe huo. Nimewahi kujiambia kwamba niliupitia juujuu kwa sababu ya haraka, lakini si kweli. Niliusoma hadi mwisho na nikauelewa kiasi cha kutosha kuogopa. Basi lilikuwa linanisubiri stendi ya Msamvu. Mke wangu alikuwa jikoni akinitilia chai kwenye chupa. Nikaufunga ujumbe kabla hajarudi. Alipoiona deskitopu haina hata picha moja akauliza, "Na vitu vyangu?" Nikamwambia vipo salama, nitavirudisha nikitoka safari, wewe endelea tu kuandika. Ni kweli vilikuwa salama. Lakini sikuwa na haki ya kumwambia aendelee.

Akaendelea. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kwa siku tatu alikaa mezani akisikiliza mahojiano aliyoyarekodi kwenye simu na kuyaandika neno kwa neno. Yalikuwa kumi na moja. Kila usiku alihifadhi kwenye deskitopu na kufunika kompyuta bila kuizima. Ndiyo maana ile akaunti ya muda ilidumu siku zote tatu, na kila asubuhi akikuta kazi ya jana ipo. Hakuwa na sababu ya kushuku. Simu yake ilikuwa imejaa, basi kila alipomaliza mahojiano ya mtu mmoja aliifuta sauti yake ili apate nafasi.

Nilirudi Ijumaa jioni. Yeye alikuwa ametoka kwenda sokoni. Sebuleni nilimkuta mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha sita na alikuwa akija kwetu mara kwa mara kutafuta vyuo kwenye intaneti. Alikuwa amechomeka flashi yake, anatazama filamu. Nilimwomba anipishe, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Sikuuliza nani ameandika nini tangu niondoke. Wakati naizima, mfumo ulifanya kile ulichokuwa umesema utafanya: ulitoka kwenye akaunti ya muda na kuifuta folda yake yote. Nikaingia kama msimamizi, nikairudishia folda jina langu, nikawasha tena. Picha za watoto zikarudi. Kwa kama nusu saa niliamini nimetengeneza.

Mke wangu aliporudi alitua kikapu, akaketi, akatazama. Akasema, "Za nyuma nimeziona. Za wiki hii ziko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza kuuliza. Mkono wangu ukaenda kwenye flashi, nikaichomoa. Nikasema hii ndiyo iliyoleta balaa, mashine imeingiliwa na virusi. Maneno yalitoka mepesi, kana kwamba yalikuwa yakingoja. Kijana alisimama pale. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alisema, "Nisamehe anti. Nisamehe mjomba," akachukua viatu vyake mlangoni. Dada yangu alipopata habari alimgombeza tena kwao. Hakurudi nyumbani kwetu. Vyuo vilivyobaki alikwenda kuviombea kwenye duka la steshenari, kwa kulipia.

Kesho yake nikaipeleka kompyuta kwa fundi, kimya kimya. Alijaribu kutafuta yaliyofutwa, akanieleza kwamba ingekuwa diski ya zamani ya kuzunguka, labda tungeokota vipande. Yetu ni SSD. Faili likifutwa humo, mfumo huijulisha diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe. Fundi aliuliza kulitokea nini hasa. Hata yeye nilimwambia ni virusi, na nadhani hakuniamini.

Mke wangu alirudi kwa wale akina mama mmoja mmoja. Wengi walikubali kuongea tena. Yupo bibi mmoja aliyekuwa amemsimulia alivyoanza kubeba mboga kichwani akiwa msichana, kabla gari halijafika kijijini kwao. Ndiyo simulizi mke wangu aliyoipenda kuliko zote, na alikuwa amenisomea kipande chake kwa simu nikiwa Dodoma. Mara ya pili bibi alijibu kwa ufupi. Akasema, "Si nilishakuambia, mwanangu?" Katika tasnifu anachukua mistari sita.

Nilisubiri hadi tasnifu ilipopita. Nilijidanganya kwamba nisimvuruge akiwa katikati ya kazi, ilhali nilichokuwa nikikinga ni uso wangu. Usiku alioleta nakala iliyojalidiwa, na katika ukurasa wa shukrani akawa amenishukuru kwa msaada wa kompyuta, nilishindwa kuusoma ukurasa huo hadi mwisho. Nikamweleza yote: folda, ujumbe nilioufunga, flashi. Alinisikiliza huku ameshika kitabu chake. Nilitegemea aulize kuhusu yale mahojiano kumi na moja. Akauliza, "Na mtoto wa watu?"

Nilimpigia asubuhi. Alikuwa chuoni tayari, mwaka wa kwanza. Nilimwambia halikuwa kosa lake, lilikuwa langu, na nilijua hivyo tangu dakika ile ile. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe si mimi." Aliniambia kwamba tangu siku ile hajachomeka flashi kwenye mashine ya mtu yeyote, kazi zake anazituma kwa barua pepe, na wenzake wakimwomba awanakilie kitu anakataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba aliniamini kabisa. Siku hiyo hiyo nilimpigia dada yangu nikamweleza. Yeye hasira alikuwa nazo, na alinipa zote.

Akaunti ya mke wangu nimeifungua upya, kwa njia ambayo nilipaswa kuifuata tangu mwanzo: akaunti mpya, yenye jina lake tangu siku ya kuundwa, hivyo folda nayo ikazaliwa na jina hilo, kisha nikanakili mafaili yake kutoka kwenye folda ya zamani, nikamwachia ahakiki moja moja mwenyewe kabla ya kugusa kingine. Ilichukua jioni moja. Paswedi ya msimamizi anayo yeye. Folda ya zamani bado ipo, jina langu juu yake, na sijaifuta.

Pasaka mpwa wangu alikuja na mama yake. Tulikula, tukakaa. Mke wangu alifungua kompyuta amwonyeshe tasnifu, halafu akamwambia alete flashi yake ampatie nakala, na filamu akiwa nazo azilete. Kijana alinitazama mimi kwanza. Akasema siku hizi hatembei nayo.