Kolwezi: Upara hautoki kwenye kofia ya mgodi

Hapa Kolwezi, mwanaume akianza kupata upara, watu wana jibu tayari: ni kofia ya mgodini, ni jasho, ni vumbi la kobalti. Kofia haina kosa. Mizizi ya nywele hailishwi na hewa ya nje, inalishwa na damu. Upara unaoanza kwenye paji la uso na utosini, ukiacha nywele za pembeni na nyuma, mtu huurithi kwa baba au kwa mama, na homoni za kiume huuendeleza. Walimu na wauza makala wasiojua kofia ya mgodi wanao vilevile.

Vumbi lisichekwe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu. Ni jambo zito. Lakini sumu ikiangusha nywele haichagui utosi, inapunguza kichwa kizima.

Nywele kupungua kichwa kizima kuna sababu nyingine, na familia zilizohama zinapaswa kuijua. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, watu wakahamishwa. Wengine wamekimbia makwao mbali zaidi. Mshtuko wa namna hiyo, malaria kali, tifoidi, au miezi ya bukari bila maharagi wala samaki, huzifanya nywele nyingi zipumzike kwa pamoja. Zinaanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati baba wa nyumba ameshasahau homa. Ndipo majirani wananong'ona Ukimwi, au uchawi. Mara nyingi nywele hurudi zenyewe mwili ukipata chakula na usingizi. Pesa ya mafuta ya miujiza sokoni, heri inunue maharagi.

Doa la mviringo, laini, lisilowasha, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi, haliambukizi. Doa lenye magamba na nywele zilizokatika ni choa, na watoto ndio hupata zaidi. Choa cha kichwani hakiponi kwa krimu tu, kinahitaji vidonge vya kituo cha afya. Krimu za kung'arisha ngozi, ambazo nyingi zina dawa kali ndani, hukieneza.

Kwa upara wa kurithi ipo minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha. Inapakwa kila siku, matokeo huonekana baada ya miezi minne au zaidi, na ukiacha, kilichoota kinaanguka. Vidonge vya finasteridi ni vya kuandikiwa na daktari: vinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Utosi unaong'aa miaka kumi usitegemee sana. Kwa baba anayelipa nyumba na shule, wembe ni bei rahisi na hakuna aibu ndani yake.

Wenye vipele vigumu kisogoni wasinyoe mpaka kwenye ngozi, maana vikizidi huacha kovu lisiloota nywele. Na kinyozi aombwe kusafisha meno ya mashine kwa alkoli kabla ya kila kichwa, hata foleni ikiwa ndefu siku ya Jumamosi.