Shamba Lililogawanywa kwa Vidole

Leo twawaalika kufunga safari ya mbali sana isiyo na nauli. Chukueni ramani ya dunia, mweke kidole juu ya mji wa Kamina, katika Katanga, kisha mkivute taratibu kuelekea mashariki, pasipo kupanda wala kushuka. Kidole kitapita kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, kitakata nchi ya Tanzania, na kuingia baharini karibu na Kilwa. Toka hapo ni maji matupu, maelfu ya kilometa, Bahari ya Hindi nzima. Halafu vitatokea visiwa, kimoja baada ya kingine: Bali, Lombok, Sumbawa. Mwishowe mtafika kwenye kisiwa kirefu, chembamba, kilicholala kama mamba majini. Hicho ndicho Flores. Simamisheni kidole upande wake wa magharibi, penye mji wa Ruteng. Tumefika.

Flores ni kimoja cha visiwa vya Indonesia, nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Jina lake ni la Kireno, na maana yake ni maua. Mabaharia wa Ureno walifika pande hizo katika karne ya 16. Baadaye Waholanzi walitawala, na Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti 1945. Watu wengi sana wa Indonesia ni Waislamu. Lakini katika Flores sehemu kubwa ya wenyeji ni Wakatoliki kama sisi. Wenyeji wa pande za Ruteng huitwa Wamanggarai, nao ni wakulima.

Kwa nini tumewaleta huku?

Shuleni kwetu walikuwako wavulana wawili, watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Waliketi kwenye benchi moja tangu darasa la kwanza. Siku moja tukaona wameachana, mmoja mbele, mwingine nyuma, wala hawasalimiani. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba baba zao wamegombana juu ya mpaka wa shamba aliloliacha babu. Kipande chenyewe hakizidi hatua tatu kwa upana, pamoja na mstari wa migomba. Watoto walikuwa wamerithi ugomvi kabla ya kurithi shamba.

Wakati huo tulikuwa tumebandika ukutani picha ya mashamba ya mpunga ya kijiji cha Cancar, karibu na Ruteng. Mmoja wa wale wavulana akaitazama kwa muda, kisha akauliza: « Mwalimu, huo ni utando wa buibui? » Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Nchi ya milima na ukungu

Ruteng imejengwa milimani, zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari. Asubuhi ukungu hufunika mabonde, na watu hutoka nyumbani wamejifunga shuka za kufumwa kwa mkono, kwa maana baridi ya huko yapenya. Mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka, kama kwetu Katanga. Kisha huja miezi ya kiangazi. Milima mingi ya Flores ni milima ya moto, na majivu yake ya zamani yameunenepesha udongo. Watu hulima mpunga, mahindi, muhogo na maharagwe kwa chakula chao, na kahawa na karafuu kwa kupata fedha.

Si mbali na Ruteng kuna pango kubwa liitwalo Liang Bua. Mnamo mwaka 1950 pango hilo lilitumika kuwa darasa la watoto. Sisi walimu, tunaolalamika mabati yanapovuja, na tuwafikirie wenzetu waliofundisha ndani ya mwamba! Padri Theodor Verhoeven, mmisionari na mwalimu wa seminari, alichimba humo akitafuta mabaki ya watu wa kale. Mwaka 2003 wataalamu waliochimba baada yake walikuta mifupa ya mtu wa ajabu, ambaye kimo chake kilikuwa kama meta moja tu. Ardhi hiyo, basi, imekanyagwa na miguu tangu zamani zisizohesabika.

Vitu vitano vya kijiji

Kwa desturi ya Wamanggarai kijiji si kijiji kamili kisipokuwa na vitu vitano: nyumba ya kukaa, kiwanja cha kuchezea, madhabahu ya mawe, chemchemi ya kuteka maji, na shamba la kulima. Kikikosekana kimoja, hapo pamekuwa kambi tu.

Nyumba kubwa ya ukoo huitwa nyumba ya ngoma, kwani ndani yake, kwenye nguzo ya katikati, hutundikwa ngoma za kijiji. Zamani nyumba hizo zilikuwa za mviringo, paa lake limechongoka juu na kushuka mpaka karibu na ardhi, limeezekwa kwa majani na nyuzi za mitende. Siku hizi familia nyingi zakaa katika nyumba za saruji na mabati. Lakini katika kijiji cha Wae Rebo, kilichojificha milimani, ambako watu hufika kwa miguu, nyumba saba za namna ya zamani zasimama hata leo, zimezunguka kiwanja kimoja. Na mwaka 2012 shirika la UNESCO lilikitunuku kijiji hicho kwa kazi ya kuzitengeneza upya.

Mgeni akifika hapokewi kwa maneno matupu. Huketishwa mkekani, naye huletewa kuku na tembo igemwayo katika mti wa jamii ya mitende, kama wagemaji wetu wagemavyo mchikichi. Mavuno yakiisha, kijiji hufanya sikukuu ya shukrani iitwayo penti. Watu huenda chemchemini, hurudi kiwanjani, hukumbuka wazee waliowatangulia, na vijana hucheza mchezo wa kiume: mmoja ashika mjeledi, mwenzake ngao ya ngozi, wapigane kwa zamu huku ngoma zikilia. Mchezo ukiisha hakuna kinyongo.

Wamisionari walipofika waliyatazama mambo hayo, nao wenye busara hawakuyatupa yote. Wamanggarai wa kwanza walibatizwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1912. Kisha walikuja wamisionari wa Shirika la Neno la Mungu, ambao wanafanya kazi hata katika Kongo yetu. Mmoja wao, Wilhelm van Bekkum, aliyekuwa askofu wa Ruteng, aliipenda lugha na desturi za watu wake, akawatetea mbele ya mkutano mkubwa wa liturujia uliofanyika Assisi, Italia, mwaka 1956, akiomba watu wa nchi za misioni waruhusiwe kumwabudu Mungu kwa namna iliyo yao. Sisi Wakongo, tulioidhinishiwa Misale yetu huko Roma mwaka 1988, twaelewa vema ombi hilo lilikuwa na uzito gani. Siku hizi sikukuu ya penti na Misa Takatifu zakutana bila kusukumana.

Jinsi shamba linavyogawanywa

Sasa tuje kwenye ile picha ya ukutani. Wamanggarai wana methali fupi isemayo: ngoma ndani, shamba nje. Maana yake ni kwamba nyumba ya ukoo na ardhi ya ukoo ni kitu kimoja. Penye ngoma pana shamba, na asiye na shamba hana mahali pa kupigia ngoma. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo wote, iliyo chini ya ulinzi wa mzee maalumu aitwaye tu'a teno. Yeye si mwenye ardhi. Ni mgawaji wake.

Ilipofika siku ya kufungua shamba jipya, tu'a teno alichagua mahali pa katikati, akasimika hapo kigingi cha mti, na mnyama akachinjwa. Pale katikati ndipo kitovu cha shamba, nacho huitwa lodok. Kisha akaanza kupima sehemu za watu, akizipima kwa vidole, hapo hapo kwenye kitovu. Mwenye nyumba huyu, kidole kimoja. Yule mwenye watu wengi, viwili. Wakuu wa kijiji zaidi kidogo, maana nao wana wageni wa kulisha. Toka alama ya kila kidole mstari ulivutwa moja kwa moja mpaka ukingo wa nje, ulio wa mviringo. Kwa hiyo sehemu ya kila mtu ni nyembamba kama kidole pale kitovuni, nayo yapanuka kadiri iendavyo mbali. Mtu akipanda kilima na kutazama chini, aona utando wa buibui mkubwa ajabu, wa rangi ya kijani wakati wa mpunga mchanga, na wa dhahabu mavuno yakikaribia. Mapaa ya zile nyumba za mviringo yana sura hiyo hiyo: fito zote zatoka kileleni pamoja na kushuka kila moja upande wake.

Tukifikiri kidogo, twaona hekima ya mpango huo. Kwanza, hakuna mpaka uliofichika. Kila mstari waanza mahali pamoja, mbele ya macho ya wote, na mtu akitaka kusogeza wake hata kwa upana wa ukucha, jirani wa kulia na wa kushoto wamwona. Pili, mgeni hakufungiwa mlango: aliyekuja kwa heshima, na kuku na tembo mkononi, akaomba mahali pa kulima, aliweza kupewa sehemu na kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. Tatu, mkubwa alipata zaidi, lakini hakupata vyote. Naye pia mstari wake ulianzia kwenye kigingi kile kile.

Utando unapochanika

Tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba huko ni paradiso. Kwa desturi ya Wamanggarai mtoto wa kiume huitwa mtu wa ndani, na binti huitwa mtu wa nje, kwa sababu ataolewa na kwenda kwao mumewe. Basi katika ugawaji wa ardhi binti hakuhesabiwa kidole. Wajane na dada wangapi wamelia kwa ajili hiyo! Nasi tusiwanyoshee wenzetu kidole, maana kilio hicho chasikika hata katika vijiji vyetu.

Tena nyakati zimebadilika. Zamani shamba lilikuwa la mpunga wa mlimani. Lililimwa miaka michache, likaachwa lipumzike, na lingine likafunguliwa na kugawanywa. Katika karne ya 20 ulienea mpunga wa majini, wenye kuhitaji matuta na mifereji ya kudumu. Sehemu ya mtu ikawa yake siku zote, akairithisha kwa wanawe, nao kwa wana wao. Kidole kimoja kikikatwa mara nne, chabaki nini? Vijana wengi wameondoka kwenda Bali au Malaysia kutafuta kazi. Pwani, katika mji wa Labuan Bajo, watalii wamekuja kwa wingi, bei ya ardhi imepanda, na wako waliouza kwa siku moja kile ambacho wazee walikilinda kwa vizazi.

Ugomvi mwingine umekuwa kati ya wakulima na serikali, juu ya mpaka wa misitu. Wakulima wa milimani walisema, hapa ni mashamba ya babu zetu. Serikali ikasema, hapa ni msitu wa hifadhi, na mikahawa ikakatwa. Tarehe 10 Machi 2004 wakulima walikwenda Ruteng kwa ajili ya wenzao waliokamatwa. Polisi wakafyatua risasi, na wakulima kadhaa wakafa. Walikufa kwa ajili ya mpaka. Ndugu wasomaji, tunapoandika maneno haya twafikiri juu ya makaburi mangapi katika nchi yetu yaliyochimbwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kidole cha nani?

Siku ile ya swali la buibui tuliwatoa wanafunzi uani. Tukasimika kijiti ardhini, tukawaambia: gawanyeni uwanja huu kwa vidole, kama Wamanggarai. Haikupita dakika moja wakaanza kubishana. Mmoja alisema: « Kidole chake ni kinene kuliko changu! » Wote wakacheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Wakashauriana, wakaamua wenyewe kwamba kitumike kidole cha mtu mmoja kwa wote. Maandiko Matakatifu yakataza mizani ya uongo na kipimo cha hila. Watoto wale walikuwa wameigundua amri hiyo mavumbini, bila kufungua kitabu.

Abrahamu na Loti walipoona wachungaji wao wanagombana, Abrahamu, aliye mkubwa, alimwachia mdogo achague kwanza. Hakupoteza kitu, Mungu alimrudishia zaidi. Ndiyo maana twawaomba ninyi akina baba na wazee wa familia: msingoje kitanda cha ugonjwa. Iteni watoto wenu wote mkiwa na nguvu bado, wa kiume na wa kike. Tembeeni pamoja nao mpakani, mpande mti mbele ya jirani na shahidi, mseme kwa sauti: hapa ni pako, hapa ni pa dada yako. Kipimo kiwe kimoja, na kionwe na wote.

Na wale wavulana wawili? Baba zao hawajapatana mpaka leo, wala hatutaki kusema zaidi ya tulivyoona. Lakini kesho yake asubuhi, tulipoingia darasani, benchi la mbele lilikuwa na watu wawili.