Juu ya nini ordinatere yetu ilizimika?

Mwezi huu sikuandika fundisho. Nataka kuwaeleza habari ya mashini moja, na ndani ya habari hiyo mtanikuta mimi mwenyewe na kosa langu. Watu wa kanisa letu hapa Kolwezi wanajua nusu yake. Leo nawapa ile nusu nyingine.

Mwaka 2022, mwezi wa sita, tulichanga franka ili vijana wapate ordinatere ya kuandikia kazi zao za masomo, na katibu aandikie buku la ubatizo na la ndoa. Kununua mpya ilikuwa nguvu sana. Tukakusanya vipande: sanduku la chuma toka mashini ya zamani, ubao mkubwa wa ndani na prosesere vya mkono wa pili, na vantilatere mpya tuliyoletewa toka Lubumbashi. Kijana moja wa kanisa, wa miaka 19, ndiye aliyepaswa kuviunga pamoja. Alikuwa ameacha kuchimba mawe kwa mkono na alikuwa anajifunza kazi hii kwa fundi moja wa mjini. Mama yake alifurahi kupita sisi wote, maana kila asubuhi alipokuwa anashuka kwa shimo, mama hakuwa na raha mpaka magaribi.

Kwanza nikueleze kidogo, wewe ambaye haujaona ndani ya mashini hizi. Prosesere ni kipande kidogo, kinaenea katika kiganja cha mtoto, lakini hesabu zote za mashini zinapita pale. Nyingi zinakula umeme wa wati 65 hivi, na umeme ule wote unageuka kuwa moto. Wakumbuke wazee ile ampuli ya zamani ya wati 60: nani aliweza kuishika ikiwaka? Kwa hiyo juu ya prosesere wanafunga kitu cha kuipoesha, chuma chenye mabati membamba mengi yaliyosimama, na vantilatere ya kuyapulizia hewa. Ni sawa vile radiatere ya kamyo. Dereva yeyote wa huku anajua mwisho wa kamyo ambayo radiatere yake imezibwa na matope.

Upande wa chini, pale chuma kile kinapogusana na prosesere, mara nyingi wanaweka shaba, ile wazee wetu waliita mukuba. Kati ya vyuma safi, ni feza tu inapitisha moto vizuri kupita shaba, tena inaipita kidogo. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, na kila siku tunaona makamyo yakibeba shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Siwezi kusema ile iliyo katika vantilatere yetu ilitoka huku. Lakini niliposhika kile kipande chekundu kinachongaa, ndani ya kikartoni chake, nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu amerudi toka safari.

Basi kosa langu likaanzia pale pale. Siku ile kijana aliitwa kumpeleka mama yake hospitali. Aliniambia: “Baba Pasta, unisubiri, bado kufunga vantilatere. Nitarudia kesho.” Mimi nilikuwa na haraka, maana siku ya Mungu ilikuwa karibu na nilitaka kuonyesha mashini mbele ya kanisa. Niliona ni visi nne tu. Mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe anaweza kushindwa na visi nne? Nilikamua kile kitube kidogo cha mafuta ya kijivu juu ya prosesere, nikaweka vantilatere, nikakaza. Nikalala usingizi muzuri.

Kesho yake kijana alirudi, tukawasha. Mashini iliamka, iliandika maneno yake, kisha kama dakika nne, tii! ikazima. Tukawasha tena, ikazima mbio zaidi. Alibadilisha waya, akatosha memori akairudisha, akaazima kisanduku cha umeme kwa fundi wake. Hakuna. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Baba, naweza kutosha vantilatere niangalie chini yake?”

Nikamujibu: “Mutoto, ile njo mimi mwenyewe nilifunga. Iko muzuri. Tafuta pengine.”

Hakuniuliza mara ya pili. Wewe msomaji unajua namna tunavyolelewa: mutoto hafungui kile baba alichofunga, na hasa baba akiwa pasta. Ile heshima ilimfunga mikono, na mimi niliona ni haki yangu. Juma lililofuata, katika baraza la kanisa, nilisema mbele ya wazee kwamba kijana ameharibu prosesere na franka za kanisa zimepotea. Yeye alikuwa amesimama kwa mlango. Alijibu tu: “Ndiyo, Baba.” Toka siku ile hakuja tena. Nilisikia amerudi kuchimba.

Mashini ilikaa wazi juu ya meza yangu karibu majuma matatu. Nanyi mnajua mwezi wa saba kwetu: mvua hakuna, kila kamyo inayopita inainua mavumbi mekundu, yanaingia hata katika sahani iliyofunikwa. Siku moja nikasema nipanguse kabla ya kuuza vipande. Nikafungua visi zile nne, nikageuza vantilatere. Chini yake, juu ya ile shaba, kulikuwa karatasi nyembamba ya plastiki, inaonekana kama kioo, imekunjamana sababu ya moto. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni kidogo, lakini yale maneno nilielewa: ondoa hii mbele ya kufunga.

Nilikaa chini. Plastiki haipitishi moto. Prosesere ilikuwa inaungua chini ya shuka, na yenyewe, kwa kujilinda, ilikuwa inajizima. Haikuharibika hata kidogo. Mashini hizi zimetengenezwa hivyo: moto ukikaribia digri 100, zinapunguza mwendo, kisha zinajikata. Yule kijana aliuliza swali moja tu, na lilikuwa lile la kweli.

Safari yangu ya kwenda kwa karieri sitaieleza sana. Nilimukuta kati ya wenzake, amejaa mavumbi mpaka kope za macho. Nilimuomba musamaha pale pale mbele yao, maana nilimuhukumu mbele ya watu. Alinyamaza muda, akauliza: “Prosesere iko nzima?” Nikasema iko nzima. Siku ya posho akaja nyumbani.

Na sasa vijana, mushike vizuri namna alivyofanya. Mambo haya yanafaa hata kwa mashini ya kazini ambayo inapiga kelele ao inajizima yenyewe.

Kwanza alitosha waya wa umeme ukutani, akapeleka vantilatere inje. Mavumbi hayapulizwi ndani ya nyumba, yatarudi tu. Alishika mapanga ya vantilatere kwa kidole kimoja huku anapuliza na pompi ya kinga. Nikauliza juu ya nini. Akasema ukiyaacha yazunguke mbio kupita kipimo, yanaweza kuharibika. Katikati ya yale mabati alipitisha burosi laini ya rangi, mpya. Ukitenga vantilatere na chuma chake, kile chuma peke yake unaweza kukiosha na maji, bora kikauke kabisa. Lakini vantilatere yenyewe haioni maji.

Halafu akasafisha yale mafuta ya kijivu niliyopaka. Hapa alichukua wakati, na mimi nilijifunza kunyamaza. Alilowesha kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoli ya farmasi, akapangusa prosesere pole pole, kisha shaba, mpaka vikangaa vyote viwili. Mafuta ya zamani hayaongezewi mapya juu yake. Na kazi ya mafuta haya si kulainisha. Ukiangalia shaba na jicho, inaonekana laini kabisa, kumbe iko na vishimo vidogo sana, na ndani ya vishimo ni hewa. Shaba inapitisha moto kupita hewa zaidi ya mara elfu kumi. Mafuta yanafukuza ile hewa tu. Kwa hiyo yanawekwa kidogo, kama mbegu moja ya mbaazi, katikati. Mimi nilimaliza kitube kizima! Alipoona alicheka, mara ya kwanza tangu arudi. Tulinunua kingine. Watu wengine wanasema dawa ya meno inaweza kufaa. Usiwasikilize: itakauka siku chache, na utaanza upya.

Mwisho alishusha chuma wima, bila kukisogeza huku na huku, akakaza visi kwa msalaba: kidogo huyu, kidogo wa pembe ya mbali, kisha zile mbili zingine, hivyo hivyo mpaka zikashika. Ukimaliza moja kwanza, upande mmoja unainuka na mafuta yanakimbilia upande. Zingine haziko na visi, ziko na miguu minne ya plastiki ya kusukuma. Pale kila mguu lazima ulie “ta!”, na unageuza ubao kuona kama yote imetokea nyuma. Alichomeka ule waya mdogo pale palipoandikwa CPU FAN, akawasha.

Kuna ukurasa wa mashini yenyewe unaoonyesha moto wa prosesere. Tuliukodolea macho wote wawili. 36. 38. 41. Dakika kumi, ishirini, ikabaki 41. Mama yake alikuwa amekuja nyuma yetu bila sisi kujua. Akauliza kama hiyo ni muzuri ao mubaya.

Nilirudi mbele ya baraza, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Mzee mmoja alisema pasta asiseme mambo hayo mbele ya watu. Sikukubaliana naye, ndiyo sababu mnasoma habari hii.

Kijana hajaacha shimo kabisa. Dawa za mama zinaomba franka, na ordinatere za mtaa wetu hazitoshi kumlisha. Siku tatu anashuka, siku mbili anatengeneza. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikisha kupiga mavumbi, tunafungua ile mashini ya kanisa na kuisafisha. Yeye anashika turnevisi, mimi namushikia taa.